Nani Alimjibu Mgeni?

Primeval ni filamu mbaya. Nalisema mapema ili msomaji asidhani namsukuma kuitafuta. Ilitoka Marekani Januari 2007, na matangazo yake yaliahidi habari ya kweli ya muuaji aliyeua watu wengi kuliko wote, bila kutaja kwamba muuaji mwenyewe ni mamba. Watu wakalipa kiingilio wakitegemea kumwona mtu mwenye kisu. Kumbe ni Gustave wetu, mamba wa Rusizi, yule ambaye kila mtoto wa Bujumbura, Gatumba na Uvira ametishiwa naye ili asiende kuoga ziwani bila ruhusa.

Hadithi yake inaelezeka kwa pumzi moja. Waandishi wa televisheni wanatumwa kutoka Marekani kuja Burundi kumkamata mamba. Wanakuta vita. Kuna mbabe wa vita naye amepewa jina la Gustave Mdogo. Mamba anakula huyu na yule, bunduki zinalia, na mwishoni waliobaki hai wanapanda ndege pamoja na kijana mwenyeji aliyekuwa akiota kwenda Marekani. Ilipigwa Afrika Kusini. Hapa Mutakura tuliitazama watu kumi na mmoja kwenye kompyuta moja, na hazikupita dakika kumi mtoto wa jirani akasema, "Hapa si kwetu, hata majani si yetu." Baada ya hapo vijana walicheka mpaka mwisho. Hakuna aliyeogopa.

Kupigwa mahali pengine si kosa kubwa, filamu nyingi ndivyo zinavyotengenezwa. Kosa ninaloliona mimi ni kwamba mto ule hauna shughuli. Rusizi yenyewe, kuanzia kule juu kwenye mashamba ya Rugombo hadi inapomwaga maji ziwani karibu na Gatumba, ina watu tangu alfajiri: mvuvi, mchunga ng'ombe anayenywesha, mwanamke anayefua, mkata matete, na yule anayevuka na mzigo ambao afadhali tusiulize una nini ndani. Katika filamu, mwenyeji akionekana ukingoni ujue ataliwa, au atauawa na mwenyeji mwenzake. Hana kazi nyingine. Hakuna anayemuuliza: mnaishije na mnyama huyu? Nyavu mnatega saa ngapi? Nani alimwona mara ya mwisho?

Miaka mitatu kabla yake kulikuwa na filamu nyingine, ya ukweli, Capturing the Killer Croc, ya 2004. Inamfuata Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi miaka mingi, ambaye ndiye aliyempa mamba huyo jina la Gustave. Walitengeneza mtego wa chuma wa karibu mita tisa, wakaweka chambo, wakangoja, wakabadilisha chambo, wakangoja tena. Mamba akakataa kuingia. Filamu hii naiheshimu kwa sababu inakubali kushindwa mbele ya kamera, jambo ambalo wageni hawapendi, na sisi pia hatupendi. Hata hivyo siwezi kuitazama nikasahau mwaka wake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa katika kambi ya muda ya Gatumba, si mbali na mto huohuo. Sisemi wapiga picha wa mamba walipaswa kujua. Nasema tu kwamba mtu wa mbali akitajiwa Rusizi, anachokijua ni mamba, na mamba ana jina. Wale wa Gatumba, kwake, ni hesabu.

Ugonjwa huu haukuanza na kamera. Mimi ni mtu wa Uvira, basi ruhusuni niende Uvira kwanza.

Tarehe 26 Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi. Burton alikuwa na vidonda mdomoni hata kula ni taabu, Speke macho yalikuwa yanamsumbua. Walikuja na swali moja: Rusizi inatoka ziwani au inaingia? Kama inatoka kuelekea kaskazini, basi huenda ndiyo mwanzo wa Nile, na wao wangerudi London wakiwa watu wakubwa. Wana wa chifu wa pale wakawaambia kwamba inaingia. Mto unaleta maji, hauchukui. Jibu lilikuwa sahihi, na lilitolewa na watu ambao mto huo ulikuwa jirani yao.

Wapiga makasia wakakataa kuendelea mpaka mdomo wa mto, kwa hiyo wageni wakageuza bila kuuona. Burton akaandika kitabu kikubwa, The Lake Regions of Central Africa, kilichotoka 1860, na jibu la wana wa chifu limo humo. Lakini baadaye, alipogombana na Speke juu ya Nile, Burton huyohuyo akashika upande wa pili, kwamba pengine mto unatoka. Mabwana wakubwa wa London wakabishana mikutanoni. Jibu la Uvira lilikuwa limeandikwa tayari, lakini likahesabiwa kama uvumi wa watu wa pwani ya ziwa.

Likakaa hivyo miaka 13. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakapanda kaskazini mpaka mdomoni mwa Rusizi, wakaona kwa macho yao maji yanaingia ziwani. Basi, dunia ikajua. Uvira ilikuwa inajua siku zote.

Katika safari hiyo walilala Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura, na leo pale kuna jiwe kubwa lililochongwa majina yao na tarehe: 25-XI-1871. Nilikwenda kulitazama. Ndiyo, nilikwenda kama mtalii, Jumapili, shati limepigwa pasi.

Hapa nitoke kidogo nje ya mada. Mkimbizi anayekwenda kutembea anangojewa na swali ambalo vitabu vya utalii havilijui. Mahali pengi pa kutembelea katika nchi zetu pana bei mbili, ya mwenyeji na ya mgeni kutoka nje. Mimi nina miaka mingi Mutakura, nadaiwa na maduka mawili, na watoto nyumbani wanagombana kwa Kirundi. Ni mwenyeji? Karatasi yangu inasema hapana. Ni mgeni, basi? Mgeni ana hoteli na ana tarehe ya kurudi kwao. Mahali fulani, sitapataja, mlinzi alishika kadi yangu akaigeuza juu chini, akacheka, akasema, "Mzee wangu, lipa kama sisi, ila usimwambie mtu." Nimeshawaambia ninyi.

Turudi kwenye jiwe. Nalihakiki kama maandishi, maana ni maandishi: majina mawili na tarehe moja. Lenyewe halisemi uongo. Uongo ni wa wanaolisimulia. Utasikia kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone na kumwamkia kwa lile swali lake linalojulikana na kila mtu. Sivyo, hayo yalikuwa Ujiji, kabla ya safari hii. Mugere walilala siku mbili wakapita. Lakini hata tukiondoa uongo huo, angalia wasiokuwamo. Mabwana wawili wale hawakupiga makasia. Walikuwapo watu wa Ujiji waliojua upepo wa ziwa na ghuba za kujificha, alikuwapo mpishi, alikuwapo mkalimani. Stanley mwenyewe anawataja baadhi yao katika How I Found Livingstone, kitabu cha 1872, pamoja na dharau zake zote, na ziko nyingi. Ukitaka kuwaona soma kitabu, kwenye jiwe hawamo. Na watu wa Mugere wenyewe, waliowapokea au waliowatazama kwa mbali vichakani, hawamo kabisa.

Nilikuwa na mama mmoja wa Fizi, jirani yetu, tuliyekwenda naye na watoto. Aliligusa jiwe, akalizunguka, akauliza, "Sasa hawa watu walikula nini hapa, na nani aliwapikia?" Watoto walicheka. Mimi niliandika swali lile kwenye simu palepale, kwa sababu tangu nianze kuandika uhakiki katika jarida hili sijapata kipimo kizuri kuliko hicho.

Kwa kipimo cha mama, msafiri anayepita mtihani ni Ibn Battuta. Alipita pwani yetu 1331, akitoka upande wa Mogadishu, na kila alipofika aliandika sahani. Mogadishu alipewa wali wa samli, na pembeni nyama, samaki, ndimu za achari, tangawizi mbichi, maembe, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Mombasa akaona watu wanakula ndizi na samaki. Kisha akafika Kilwa, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na akasema umejengwa kwa miti.

Sentensi hiyo ya miti imewasumbua wataalamu, maana Kilwa ya wakati huo ilikuwa na mawe. Msikiti Mkuu ulikuwapo. Na sultani aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehesabiwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa, jumba la kifalme juu ya jabali linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea la pembe nane. Mgeni akafika, akaona miti. Wengine wanasema aliandika kwa kukumbuka baada ya miaka mingi, na kweli kitabu alikisimulia akiwa amekwisha rudi Morocco. Maoni yangu ni kwamba aliona mji wa watu wa kawaida, ambao siku zote ni wa miti na makuti, na ndio ambao haubaki. Kinachobaki ni jumba. Tunaoishi katika nyumba za miti na turubai hatuhitaji profesa wa kutueleza hilo.

Lakini kuna mahali Ibn Battuta anaanguka, na wasomaji wetu wa bara walione. Anamsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu. Anasimulia kwamba fakiri mmoja wa Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Mtoto wa sultani akazichukua tena nguo zile, akamlipa fakiri watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hadithi tamu, husimuliwa kama mfano wa mfalme mwema. Sasa uliza swali la mama wa Fizi. Wale ishirini ni nani? Walitekwa wapi? Ibn Battuta mwenyewe anasema sultani huyo alikuwa akivamia nchi za Wazanji kutafuta ngawira. Mtu aliyekumbuka ndimu za achari miaka yote ile hakukumbuka hata jina moja kati ya ishirini. Wametajwa mstari mmoja na pembe.

Nasema haya kwa sababu kijana mmoja wa shirika, rafiki wa jarida hili, alirudi likizo ya Tanzania na picha za Kilwa Kisiwani, akatuomba tumsaidie kuandika maneno ya chini yake. Picha nzuri sana. Nguzo, matao, kuba, mwanga wa jioni kwenye matumbawe, ile ngome wanayoiita Gereza. Nilizipitia zote, kama 40 hivi. Hamna mtu hata mmoja. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, kisiwa kile kina watu?" Akasema, "Kina kijiji kabisa, watoto walitufuata kila mahali, ilibidi tungoje wapite ndiyo tupige." Magofu ya Kilwa yaliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakaondolewa humo 2014. Miaka yote hiyo watu wa kisiwa wameishi katikati yake. Wanavua, wanaoza binti zao, wanazika. Wewe unavuka kutoka Kilwa Masoko kwa mashua, na mashua ina nahodha. Nilimshauri aanze maelezo yake na nahodha. Alikumbuka jina lake bila kufikiri, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumwacha nje.

Kitabu kinachonisumbua kuliko vyote si cha zamani sana. Ni In the Shadow of Man cha Jane Goodall, cha 1971. Goodall alifika Gombe Julai 1960, akiwa binti wa miaka 26. Gombe iko ufukweni kaskazini ya Kigoma, chini kidogo tu ya mpaka wa Burundi, ziwa letu lilelile. Wengi wenu mmepita Nyarugusu, ambayo iko mkoa huohuo wa Kigoma. Sijakutana na mtu wa Nyarugusu aliyekwenda kuwaona sokwe wa Gombe. Kutoka kambini kunahitaji kibali, na sijasikia kibali cha sokwe.

Kitabu ni kizuri. Nasema wazi, maana kuna wakosoaji wetu hapa wanaodhani kila kitabu cha mzungu juu ya wanyama ni cha kutupwa. Uzuri wake mkubwa ni majina. Wakati ule wataalamu walitaka wanyama wa utafiti wapewe namba, ili mtafiti asije akawapenda. Goodall akawapa majina: David Greybeard, Goliath, Flo, Fifi. Cambridge walimlaumu, naye hakubadilisha. Kwa sababu ya majina ukisoma unajua nani mama ya nani, nani mwoga, nani mlafi wa ndizi. Flo, sokwe jike mzee mwenye pua pana, alijulikana duniani kiasi kwamba alipokufa 1972 gazeti la Sunday Times la London liliandika taazia yake.

1972. Msomaji Mrundi ameshasimama hapo. Kuanzia Aprili mwaka ule, kaskazini kidogo tu ya msitu wa Flo, yalianza yale ambayo Warundi wanayaita Ikiza. Waliouawa walipita laki moja kwa makadirio ya wengi, na wengine wengi wakakimbilia Tanzania. Wapo wazee Mutakura ambao mpaka leo hawajui baba zao walizikwa wapi, achilia mbali taazia.

Simlaumu Goodall. Alikuwa msituni, kazi yake ilikuwa sokwe, na aliifanya vizuri kuliko yeyote. Simlaumu hata mhariri wa London. Ila nakiweka kitabu chake karibu na karatasi zetu na kusoma vyote pamoja. Yeye alipigana na wakubwa wake ili mnyama asiwe namba, akashinda, na kwa kushinda hivyo dunia ikalia kwa ajili ya sokwe. Sisi foleni ya chakula inaitwa kwa namba, na mtoto wa miaka sita anaijua namba ya familia kabla ya kujua tarehe yake ya kuzaliwa. Mtu wa shirika anayesoma hapa atasema namba ni za kuzuia udanganyifu. Najua. Cambridge nao walikuwa na sababu nzuri.

Halafu kuna mwaka 1975, ambao haumo katika kitabu hicho kwa kuwa kilishatoka. Usiku wa tarehe 19 Mei watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wetu wa Fizi, wapiganaji wa Laurent Kabila, yeye ambaye 1997 alikuja kuwa rais, wakateka wanafunzi wanne Gombe. Baadaye wote waliachiliwa. Watafiti wa kigeni wakaondoka. Na utafiti? Uliendelea. Watanzania waliokuwa wasaidizi, watu wa vijiji vya ufukweni kama Hilali Matama, ndio waliobaki msituni kila siku na daftari, wakiandika nani amekula nini na nani amepigana na nani. Yale tunayoyajua juu ya vita vya sokwe wa Gombe miaka ile yametoka kwa sehemu kubwa katika macho yao. Ningependa kusoma kitabu kilichoandikwa na mmoja wao, kwa Kiswahili. Sokwe wale wanazungumziwa duniani kote, na lugha ya daftari zile ilikuwa hiihii tunayoandikia.

Juu ya Kahuzi-Biega nitasema kidogo tu, maana wenye habari wako kambini na wanaweza kuandika wenyewe. Hifadhi ilianzishwa 1970, ikapanuliwa 1975, na Batwa waliokuwa wakiishi msituni wakatolewa. Batwa ndio waliojua gorila wamelala wapi, na ndio waliowaonyesha wageni nyayo. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Kipeperushi cha utalii nilichonacho hapa mezani, cha karatasi ya kung'aa, kina gorila dume kwa jina na umri. Mfuata nyayo aliyesimama nyuma yake ana koti la kijani na kichwa kimekatwa na ukingo wa picha.

Watu wa mashirika, ninyi ni wasomaji wetu na tunawapenda. Jumamosi mnakwenda Rusizi kuona viboko, Jumatatu mnatuonyesha picha. Nendeni, ni haki yenu, viboko ni wazuri na mmechoka. Ninachoomba ni cha kihariri tu. Mkituletea makala, na mnatuletea, tutauliza jina la mwenye mtumbwi, alikuwa anawaambia nini njiani, na mlikula nini. Makala isiyo na majibu hayo tutairudisha. Ya mwezi jana tumeirudisha.

Na ninyi wa kambini, mnaosema hamna safari za kuandika. Nawapinga. Februari 2025, Bukavu ilipotekwa, makumi ya maelfu ya watu walivuka Rusizi kuja Burundi, wengine kwa kuogelea, wakawekwa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, na wengi baadaye wakapelekwa Musenyi, Rutana. Hiyo ni safari ya nje ya nchi, na imepita katika mto uleule wa Burton, wa Stanley na wa Gustave. Kati ya waliovuka kuna kijana ametuletea daftari kutoka Musenyi, kurasa 19, penseli. Tutalitoa kwa sehemu kuanzia toleo lijalo, kwa hiyo sitalimaliza utamu. Lina makosa. Linaruka ovyo kutoka siku hadi siku, na kurasa tatu za kumsifu mchezaji fulani wa mpira mhariri amezikata, nami nimekubali kwa shingo upande. Lakini kila anayetokea humo ana jina, au angalau ana jina la utani: aliyeshika kamba, aliyedai faranga mara mbili, bibi aliyegoma kuacha sufuria, mwanamke wa ng'ambo aliyewapa mihogo ya kuchemsha bila chumvi na kuwaomba radhi kwa chumvi. Bei ya kuvuka imeandikwa, na ilivyopanda kati ya asubuhi na jioni. Kiboko yumo pia, ukurasa wa nne, anapita chini kidogo ya wanapovukia. Amepewa sentensi moja.